Kilwa Mpaka Kilwa kwa Boxer

Ziko Kilwa mbili, na kati yake zimelala zaidi ya kilomita 2,000 za barabara. Ya kwanza msomaji anaijua: ni ile ya pwani ya kusini mwa Tanzania, yenye Kisiwani, Kivinje na Masoko, aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331 na ambayo magofu yake yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Ya pili ni kisiwa ndani ya Ziwa Mweru, wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Kiko karibu zaidi na ufuko wa Congo, lakini ni cha Zambia. Na ng'ambo yake, upande huo wa Congo, upo mji nao unaitwa Kilwa, ili kumkoroga mgeni vizuri. Nilitaka kutoka moja hadi nyingine kwa pikipiki. Sababu zaidi ya hiyo sikuwa nayo, na watu wamesafiri kwa sababu hafifu kuliko hiyo.

Chombo kilikuwepo tayari: Boxer BM150, cc 145 ukihesabu kwa uaminifu, tenki la lita 11, kiti kirefu kilichokwisha kukaliwa na abiria wa kila namna. Pale kijiweni Masoko habari ilipokewa kwa kicheko.

"Yaani hii hii, kaka? Hii ya abiria?"

"Hii hii."

"Zambia?"

"Zambia, tena mpaka ziwani."

Mmoja wao, aliyewazidi wenzake umri, hakucheka. Aliinama akaishika cheni, akaivuta kwa vidole viwili, akaniambia, "Hii ibadilishe kabla hujaaga watu." Huo ukawa ushauri wa kwanza, na karibu kila ushauri wa maana nilioupata baadaye ulikuja kwa namna hiyo, kutoka kwa mtu aliyeinama kuitazama pikipiki badala ya kunitazama mimi.

Nina maoni yangu kuhusu pikipiki kubwa. Kila kiangazi hupita katika nchi zetu wasafiri wanaoteremka kutoka Cairo kwenda Cape Town juu ya mitambo ya cc 1,000 na zaidi, masanduku ya alumini ubavuni, na ndani ya masanduku hayo wamepakia gereji nzima. Wanalazimika. Plagi yao haiuzwi Tunduru, na kompyuta ya injini yao haina fundi Mporokoso. Boxer haina kompyuta. Ina kabureta, plagi, waya wa klachi, cheni, na injini inayopozwa na upepo wa njiani. Anayeijua yuko chini ya mwembe wa karibu, na akikosa kifaa atachonga kingine. Wazo hili si langu peke yangu. Honda Cub, pikipiki ndogo iliyotoka Japani mwaka 1958, ilitimiza idadi ya milioni 100 mwaka 2017, na haikufika huko kwa kuuzwa kwa watalii. Mwingereza Lois Pryce alitoka London hadi Cape Town kwa Yamaha ya cc 250, na wenzake huko kwao waliiona ndogo. Kwetu hiyo ni ya tajiri.

Kwa hiyo swali langu halikuwa kama Boxer itafika. Boxer hufika kila mahali. Ndizo zilizopeleka saruji, wagonjwa na maharusi katika vijiji ambavyo gari halijavikanyaga. Swali lilikuwa ifike na nini juu yake.

Mpaka wa mzigo niliuchukua kwa watu waliowahi kuondoka Kilwa kwenda bara kabla yangu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango wa njia ya misafara kuelekea Ziwa Nyasa. Mjerumani Albrecht Roscher aliifuata njia hiyo mwaka 1859 akafika ziwani, na akauawa huko mwaka uliofuata. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wakubwa wa misafara hawakuipata hesabu hiyo kwa huruma, maana njia ile ile ilirudi pwani na watu waliofungwa minyororo. Waliipata kwa kuona ni uzito gani unamwezesha mtu kutembea leo na kesho pia. Nikasema Boxer yangu nayo ni mpagazi, isipewe zaidi ya frasila mbili, mafuta ya akiba yakiwemo.

Ukishaweka mpaka, kazi inakuwa ya kutoa. Hema lilitoka la kwanza. Kuanzia Masoko hadi Kashikishi, ufukoni mwa Mweru, hakuna usiku ambao mtu atakosa gesti ya bei nafuu au kibaraza cha watu wema. Jiko likafuata. Mama lishe wameenea kuliko vituo vya polisi. Vitabu vikabaki kimoja. Nguo zikashuka hadi zile za kuvaa, za kubadili, na sweta zito ambalo jamaa wa pwani waliliona wakaniuliza nahamia wapi. Sikulitoa. Njombe iko juu ya mita 1,800, na Juni ya Njombe si ya kujaribiwa kwa fulana.

Vifaa ndivyo vilivyobaki na uzito. Matairi yote mawili ya Boxer ni ya rimu ya inchi 17, kwa hiyo tyubu moja ya akiba huokoa mbele na nyuma. Nikabeba mbili kwa sababu mimi ni mtu wa wasiwasi. Viraka, gundi, pampu ya mkono, vyuma viwili vya kutolea tairi, plagi, balbu, spana zile tu zinazofungua nati zilizopo kwenye pikipiki hiyo. Fundi wa Masoko alikuwa na desturi ambayo sikuwahi kuiona: waya mpya wa klachi hakuuweka kwenye mfuko. Aliupitisha sambamba na ule unaofanya kazi, kutoka kwenye mkono hadi kwenye injini, akaufunga kwa vipande vya mpira wa tyubu. "Ukikatika wa kwanza," alisema, "unachomoa huku na huku, unachomeka wa pili. Dakika tano. Hupekui mizigo mvua inanyesha." Alikataa malipo ya ziada kwa kazi hiyo. Alitaka picha ya ziwa.

Oili ya injini haifiki lita mbili na haidumu milele, nami nilipanga ibadilishwe Mbeya, ambako barabara inakuwa imeshakula zaidi ya kilomita 1,000. Hapo pia ndipo ningekaza spoku na kupima vali. Watu wengi hupanga safari kwa vivutio. Mimi nilipanga kwa gereji, na vivutio vikajipanga vyenyewe katikati.

Njia zilikuwa mbili. Ya watu wote ni kupanda hadi Dar es Salaam, halafu Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako. Ina lami tangu zamani, lakini ina malori ya shaba na ya mafuta yasiyo na idadi, na mtu wa cc 145 kwenye mlima Kitonga anakuwa kama kuku kwenye mkutano wa ndovu. Ya pili ni ya kusini: Nangurukuru, Lindi, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, halafu kuungana na barabara kuu Makambako. Zamani hii ya pili ilikuwa adhabu. Kipande cha Tunduru hadi Songea kilikuwa kikimeza magari msimu wa mvua. Sasa ni lami mwanzo hadi mwisho. Kilichonifanya nichague bila kusita ni madaraja. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, kaskazini mwa Nangurukuru, na yeyote aliyekuwa Kilwa wakati ule anajua maana ya kungoja daraja. Njia ya kusini ingenipa nafasi ya kufuata, kwa juu juu, uelekeo ule ule wa misafara ya Kivinje.

Muda niliupanga kwa jua. Boxer yenye mzigo inakwenda vizuri kwa kilomita 60 kwa saa. Inaweza 80, lakini kuweza si kwenda vizuri. Ukiondoa chakula, chai, kusalimiana na trafiki, na lile jambo la kusimama tu kwa sababu makalio yamekataa, kilomita 300 kwa siku ni nyingi za kutosha. Na usiku hakuna safari. Taa ya pikipiki ndogo humulika shimo pale pale unapoliingia.

Kuna mtego wa saa ambao ramani haiuonyeshi. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na tena Ziwa Mweru liko mbali magharibi. Mwezi Juni, Mbeya jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu kwa saa ya Tanzania. Nchelenge huzama kama saa kumi na mbili kamili kwa saa ya Zambia. Mtu anayepanga kwa mazoea ya nyumbani atajikuta gizani akiwa bado na njaa ya barabara. Nikaandika kwenye kikaratasi na kukibandika juu ya tenki: Zambia, gesti saa kumi.

Msimu nao ulijadiliwa kijiweni na nje ya kijiwe. Mvua za huko huanza Novemba na kuishia Aprili, na kipande cha mwisho nilichotaka kupita ni cha udongo. Kwa uvuvi, Zambia hufunga ziwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na sikutaka kwenda Mweru kula kuku. Septemba na Oktoba ni kukavu, lakini ndipo Wabemba wanapochoma matawi yaliyokatwa kwa kilimo chao cha chitemene, na moshi hutanda. Mwisho wa Julai kuna Mutomboko, sherehe kubwa ya Mwata Kazembe kule Mwansabombwe, na gesti zote za bonde la Luapula hujaa. Ikabaki Juni: matope yamekauka, vumbi halijawa unga, baridi ni ya kuvumilika kwa mwenye sweta.

Makaratasi sitayasimulia sana kwa kuwa hayana ladha, ila ndiyo yanayorudisha watu nyumbani. Kadi halisi ya pikipiki, yenye jina lako mwenyewe. Leseni yenye daraja la pikipiki. Pasi ya kusafiria. Kitabu cha chanjo ya homa ya manjano, hasa kama macho yako yanaangalia Congo. Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya kumfidia mtu utakayemdhuru nje ya nchi: Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi hiyo inaendelea kutolewa na kampuni za bima za hapa, na ni vyema uichukue kabla hujafika mpakani, ambako kila kitu hupanda bei kwa mtu mwenye haraka. Forodha ya Zambia itakupa kibali cha kuingiza chombo kwa muda na kukutoza ushuru wa hewa ukaa. Boxer yangu, inayotoa moshi kidogo kuliko jiko la mkaa la jirani, ililipa bila kunung'unika.

Juu ya mahali pa kuvukia nilisumbuka zaidi. Tunduma inajulikana: tangu Oktoba 2019 pana kituo kimoja cha forodha kinachohudumia pande zote mbili, na bado foleni ya malori huweza kuanzia mbali na mpaka. Pikipiki hupenya, lakini ukishavuka unabaki na malori hayo hayo kwenye barabara kuu ya Zambia. Jibu lilinijia baadaye, njiani. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akinywa chai Mbeya, mtu wa Sumbawanga, alinichorea kwa kidole juu ya meza iliyolowa: "Mzee wangu, achana na Tunduma. Shika Sumbawanga, teremka Matai, vukia Kasesya. Unatokea Mbala kwa mlango wa nyuma." Ilikuwa pia inawezekana kupakia pikipiki kwenye treni ya TAZARA hapo hapo Mbeya na kuishusha Kasama, maana reli hiyo iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 inapita huko. Nilikiri kuwa ni wazo la busara, nikalikataa. Ningekuwa nimesafirisha mzigo.

Basi nikaenda. Tanzania naipitisha haraka, si kwa dharau. Kati ya Masasi na Songea nilikutana na malori ya makaa ya mawe yanayoteremka kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, na kila moja lilinipiga kofi la upepo lililonifundisha kushika usukani kabla halijafika, si baada. Kati ya Tunduru na Namtumbo barabara inakata mapito ya tembo wanaotembea kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji. Huko niliondoka jua likiwa limepanda vizuri, kwa ushauri wa mama aliyeniuzia vitumbua na kuniuliza kama mke wangu anajua niliko. Njombe ilifanya ilichoahidi. Mbeya oili ikabadilishwa, cheni ikakazwa kidogo, na fundi akacheka alipouona waya wa pili wa klachi, kisha akamwita mwanafunzi wake aje auone.

Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni lami na upepo. Uwanda wa Ufipa hauna kizuizi, na pikipiki ndogo inayopigwa ubavuni husafiri imeinama upande mmoja hata kwenye barabara iliyonyooka. Kasesya, afisa alitazama kadi, akatazama pikipiki, akatazama kadi tena.

"Unaenda wapi na hii?"

"Nchelenge."

"Huko kuna nini?"

Nikamweleza habari ya Kilwa mbili. Alinigongea muhuri kwa uso wa mtu aliyekwisha kusikia mengi.

Mbala, ambayo Waingereza waliiita Abercorn, ndipo Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, kwa kuwa habari ilimfikia akiwa mbele zaidi, kwenye mto Chambeshi. Wengi wa waliosalimu amri pamoja naye walikuwa askari na wapagazi kutoka nchi yetu, waliotembea vita hivyo kwa miguu kupitia Msumbiji hadi huku. Nilisimama pale nikiwa na maumivu ya mgongo ambayo ghafla hayakuwa na hadhi ya kutajwa. Hapo Mbala pia kuna jumba la makumbusho la Moto Moto, ambalo lina jina la utani la askofu Dupont, na linafaa saa zako mbili.

Kasama nilijaza tenki hadi shingoni na dumu la lita tano nyuma ya kiti. Huu ndio mwanzo wa kipande nilichokipanga kwa makini kuliko vyote: Kasama, Mporokoso, Kawambwa. Hadi Mporokoso hakuna tatizo. Baada ya hapo lami inakuacha, sheli zinakuacha, na petroli, ukiikuta, inauzwa kwa chupa mbele ya duka. Hesabu yangu ilikuwa kilomita 40 kwa lita, kwa makusudi chini ya ile inayotangazwa na wauzaji. Tenki pekee lingetosha kwenda na kurudi nusu njia. Dumu lilikuwa la wasiwasi, kama ile tyubu ya pili. Kwenye mchanga nilishusha upepo wa matairi kidogo, nikasogea nyuma kwenye kiti, na kuiacha pikipiki icheze yenyewe chini yangu. Ukiikaza mikono inakuangusha. Hapa ndipo wepesi unapolipa: mara ilipolala, niliinyanyua peke yangu, nikapangusa, nikaendelea. Mwenye mtambo wa kilo 250 angekaa kando ya njia akingoja kijiji.

Eneo la kaskazini ya Mporokoso ndilo Itawa ya zamani, nchi ya Nsama wa Watabwa. Tippu Tip alipigana na Nsama mwaka 1867 akamshinda na kubeba shehena kubwa ya pembe, na mwenyewe amesimulia kisa hicho kwa Kiswahili katika maisha yake aliyoyaandika. Mwaka huo huo, Novemba, Livingstone alifika Ziwa Mweru na kwa Kazembe, na huko akamkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa amekaa kwa Kazembe miaka mingi. Nasema haya kwa sababu mtu wa pwani akifika huku na pikipiki yake hujiona wa kwanza, kumbe amechelewa zaidi ya karne moja na nusu. Wengine walitangulia bila lami na bila sheli, na hawakuja kupiga picha.

Maporomoko ya Lumangwe, kwenye mto Kalungwishi, yanashuka zaidi ya mita 30 kwa upana mmoja, na siku niliyofika hapakuwa na mtu mwingine zaidi ya mlinzi. Nikakaa hadi nguo zikalowa kwa ukungu wa maji. Kawambwa kuna mashamba ya chai, ubaridi, na lami tena. Halafu nchi inavunjika, barabara inateremka kuingia bonde la Luapula, sweta linavuliwa, na unapita Mbereshi, ambako wamisionari wa London walijenga mwaka 1900, hadi Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe. Kuanzia hapo nyumba hazikatiki. Bonde lote ni kijiji kimoja kirefu kando ya lami, na katikati ya lami hiyo ni baiskeli: baiskeli za mkaa, za mihogo, za samaki, za familia. Zambia ya huku inasafiri kwa baiskeli, na mwenye Boxer ghafla anakuwa ndiye mwenye mtambo mkubwa. Nilipunguza mwendo kwa adabu, nikiwasalimu "mwapoleni mukwai" kwa lafudhi iliyowachekesha.

Nchelenge ni ofisi. Kashikishi, iliyoungana nayo, ni soko, hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, na ufuko. Ziwa liko mita 917 juu ya bahari, halina kina kirefu, na usiku hujaa taa za wavuvi wa chisense, samaki wadogo ambao mtu wa Kilwa ya pwani atawaita dagaa bila kuuliza. Asubuhi huanikwa mchangani, na wanunuzi kutoka Copperbelt na Congo huwa wameshasimama juu yao wakibishana. Kiswahili unakisikia. Wafanyabiashara wa Congo wanacho, na tangu mwaka 2018 wilaya hii ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ambako wengi ni watu wa Katanga na Tanganyika ya Congo. Nilikuwa nimeegemea pikipiki nikila samaki wa kuchoma, wa aina wanayoiita "pale", mama mmoja mwenye mafurushi ya chisense aliponiita.

"We papa, unatoka wapi na hii kipikipiki?"

"Kilwa, mama."

"Kilwa?" Akaangalia ziwa, akaniangalia. "Kilwa iko pale. Mimi njo mutu wa Kilwa. Weye siyakuonaka."

Ilichukua muda kumweleza Kilwa yangu ni ipi. Alipoelewa aliwaita wenzake, na nikaielezea upya, na kila mara umbali ulikuwa ukiongezeka kwa mdomo wake hadi nikawa nimetoka Uarabuni. Ila ndiye aliyenipangia kipande kilichobaki, ambacho mimi huko Masoko nilikuwa nimekiandika kwa neno moja tu: boti. Nisivuke mchana, alisema, kwa kuwa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huinua mawimbi kadiri jua linavyopanda. Niwe ufukweni kabla hakujapambazuka. Jaketi okozi niidai kabla ya kupanda. Pikipiki isipandishwe na mafuta tele: nifunge koki, nipunguze petroli ibaki kidogo, na waifunge katikati ya boti, si mkiani. Bei aseme yeye, mimi ninyamaze.

Nikanyamaza. Wanaume wanne waliinyanyua Boxer kutoka mchangani, wakaingia nayo majini hadi viunoni, wakailaza juu ya magunia ya unga. Kwa mtambo mkubwa mazungumzo hayo yasingeanza. Nahodha aliuliza ina kilo ngapi, nikamwambia haizidi watu wawili wanene, na akapanga abiria upya kwa hesabu hiyo, akimhamisha kijana mmoja kutoka kulia kwenda kushoto. Mama wa Kilwa alikaa mbele na chisense zake, akisubiri kuunganisha boti nyingine hadi kwao.

Kilwa ya ziwani ina wavuvi, bustani za mihogo, njia za miguu na minazi ya kuhesabika. Pikipiki iliposimamishwa wima nilirudisha petroli, nikafungua koki, nikapiga kiki, ikawaka. Nilizunguka nilikoweza kuzunguka, kwa mwendo wa mtu anayetafuta anwani, nikisimama kila penye watu. Fundi wa injini za boti, aliyekuwa na karakana chini ya bati mbili, aliacha alichokuwa akifanya. Aliinama. Hakuniuliza natoka wapi. Alifuata kwa kidole ule waya wa pili wa klachi kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akanionyesha, nyuma ya karakana, Boxer nyingine iliyosimama juu ya tofali, tairi la nyuma likiwa limelala kama kitambaa.

"Tyubu unayo?" aliuliza kwa Kiswahili cha ng'ambo. "Namba gani?"

"Kumi na saba."

"Basi kaa chini, tuzungumze."